Kesi Yako Inakataliwa kwa Sababu ya Saa: Mwongozo Kamili wa Kuandika Kisa cha Mgonjwa Kutoka Wodini

Mwezi huu nimesomeshwa rasimu nne za kesi, zote za intani na matabibu wa huku Mwanza. Zote zimekwama palepale. Ugonjwa umeelezwa vizuri, upasuaji umeelezwa hadi aina ya uzi, lakini ukiuliza "maumivu yalianza saa ngapi, na hadi kisu kinagusa ngozi zilipita saa ngapi?" mwandishi anafungua faili upya na kuanza kupekua.

Mwongozo huu ni wa kumaliza tatizo hilo. Unafaa kwa kesi ya upasuaji na ya tiba ya ndani, iwe unaiandikia jarida au unaiprezenti kwenye kikao cha asubuhi. Mifano miwili nitakayotumia, mvuvi aliyetoboka utumbo na mama aliyetapika damu, nimeitunga kwa ajili ya kufundishia. Usiitafute kwenye faili lolote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika sentensi moja

- Faili lote la mgonjwa, pamoja na barua ya rufaa. Barua ya rufaa ndiyo hupotea kwanza, kwa hiyo inakili siku ile ile.
- Karatasi ya muuguzi ya mapigo, presha, joto na mkojo. Humo saa zimeandikwa kwa uaminifu kuliko kwenye maelezo ya daktari.
- Daftari la thieta, kama ni kesi ya upasuaji.
- Majibu ya maabara yenye vizio na viwango vya kawaida vya maabara hiyo hiyo.
- Fomu ya ridhaa ya kuchapisha kisa, kwa Kiswahili. Fomu ya ridhaa ya upasuaji haihusiki hapa.
- Kibali cha hospitali. Uliza ofisi ya utafiti au ya mafunzo mapema, maana kila hospitali ina utaratibu wake.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Usicheke, tutafika huko.
- Orodha ya CARE, mwongozo wa kimataifa wa kuripoti kisa uliotolewa mwaka 2013, wenye vipengele 13. Kesi za upasuaji zina wake, SCARE, uliotoka mwaka 2016 na kuendelea kurekebishwa. Chukua toleo la karibuni.

## Hatua ya 1: Chagua kesi kwa swali, si kwa uadimu

Karibu kila intani ananiletea ugonjwa ambao "haujawahi kuonekana". Mengi yameonekana. Na ukiandika kwamba kisa chako ni cha kwanza Afrika Mashariki, msomaji wa jarida ataacha kila kitu akatafute cha kukuumbua.

Huku ziwani tuna utajiri mwingine. Tuna magonjwa ya kawaida yanayokuja kwa njia zisizo za kawaida: kichocho cha tumbo kilichotibiwa miaka mingi kama vidonda vya tumbo, homa ya matumbo iliyofika ikiwa tayari imetoboa utumbo, mtoto mwenye selimundu ambaye maumivu yake ya tumbo yameitwa "mgogoro" wa selimundu wakati ni kidole tumbo. Kesi nzuri ina swali moja ambalo mwenzako wa zahanati angetaka kujibiwa.

Andika swali hilo kwa sentensi moja juu ya daftari. Kwa mvuvi wetu: *ni wapi tulipoteza muda?* Kwa mama yetu: *ni dalili ipi ingetuambia mapema kwamba si vidonda vya tumbo?*

Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, hiyo si kesi bado. Iache, uendelee na raundi.

## Hatua ya 2: Omba ridhaa mgonjwa akiwa bado kitandani

Hapa mimi mwenyewe niliwahi kuumia. Nilikuwa na kesi nzuri, picha safi, jedwali limekamilika, nikasema ridhaa nitaiomba siku ya kliniki. Mgonjwa akarudi kisiwani. Namba aliyoiacha ilikuwa ya mwenye boti, na mwenye boti akahamia mwalo mwingine. Ile kesi iko kabatini mpaka leo, na ndipo inapostahili kuwa.

Usiombe usiku wa upasuaji, mtu akiwa na maumivu na akidhani ukimkatalia hatatibiwa. Subiri aanze kula na kukaa. Mwambie kwa maneno ya kawaida:

"Mama, shikamoo. Tumejifunza kitu kwenye ugonjwa wako. Tungependa kukiandika ili madaktari wengine wasichelewe kama ulivyocheleweshewa wewe. Jina lako halitakuwepo. Lakini sikudanganyi, mtu anayekujua sana anaweza kuhisi ni wewe. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki hata kidogo."

Sentensi ya kuhisiwa ndiyo watu huiruka, na ndiyo ya kweli kuliko zote.

Asiyejua kusoma, asomewe mbele ya shahidi ambaye si mtumishi wa wodi, kisha aweke dole gumba. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Mgonjwa akifariki, zungumza na ndugu wa karibu, na si siku ya msiba. Kama mazungumzo yamefanyika kwa Kisukuma kupitia ndugu yake, andika hivyo.

Umefanikiwa kama una nakala mbili zilizosainiwa, moja kwenye faili na moja mkononi mwa mgonjwa.

## Hatua ya 3: Jenga jedwali la siku

Tukae hapa kidogo. Hatua hii ikikushinda, nyingine zote ni mapambo.

### Saa zetu na saa za hospitali

Mgonjwa anasema "saa nane usiku". Intani aliyechoka anaandika "8 usiku", kesho yake mwingine ananakili 20:00. Saa nane usiku ni 02:00. Saa mbili usiku ndiyo 20:00. Makosa haya yamo kwenye mafaili mengi kuliko tunavyokiri, na yanahama kutoka barua ya rufaa hadi ripoti bila mtu kushtuka.

Dawa yake ni kuandika mara mbili: alivyosema mgonjwa kwa maneno yake, na saa ya tarakimu nne pembeni. Kisha uliza tukio la kuthibitisha: "Majogoo yalikuwa yamewika? Wenzako walikuwa wamerudi kutoka majini?"

Usiku nao una mtego wake. Mtu akisema "usiku wa Jumatano", mwulize kama ni ule wa kuamkia Jumatano au wa kuamkia Alhamisi. Ni siku nzima hiyo unayookoa.

### Tarehe za mvuvi

Mvuvi wa dagaa hahesabu kwa tarehe. Anahesabu kwa giza na mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupandishwa watu wakapumzika. Akikwambia "homa ilinishika tulipopandisha mitumbwi", amekupa tarehe. Fungua kalenda, tazama mwezi mpevu ulikuwa lini, kisha ibane kwa tukio jingine: siku ya gulio, Jumapili ya kanisani, mechi ya Simba na Yanga. Mechi hizo zimenipa tarehe sahihi mara nyingi kuliko barua za rufaa.

### Maneno ya mwili

Andika jedwali la kwanza kwa Kiswahili hata kama ripoti itakuwa kwa Kiingereza. Niliwahi kusoma rasimu iliyosema mgonjwa alikuwa na maumivu ya moyo. Msomaji akauliza kwa haki kabisa kipimo cha umeme wa moyo kiko wapi. Mgonjwa alikuwa amesema "chembe cha moyo", yaani pale juu ya tumbo chini ya kifua. "Mshipa" nao unaweza kuwa ngiri, busha au maumivu ya kinena tu. Mwambie akuonyeshe kwa kidole kimoja.

### Jedwali likikamilika linaonekana hivi

Mvuvi, miaka ya ishirini:

- Siku ya 1: homa na kichwa, akiwa kambini.
- Siku ya 4: dawa ya malaria kutoka duka la dawa, bila kipimo.
- Siku ya 9: homa haijashuka, tumbo limejaa, hali chakula.
- Siku ya 13, 02:00: maumivu makali ya ghafla karibu na kitovu, yanaenea tumbo zima.
- Siku ya 13, 11:00: zahanati. Dripu na sindano ya maumivu.
- Siku ya 14, 07:30: anapakiwa kwenye boti.
- Siku ya 14, 13:10: anafika hospitali ya rufaa.
- Siku ya 14, 14:00: eksirei ya kifua akiwa amekaa.
- Siku ya 14, 18:40: kisu.

Sasa piga hesabu. Kutoka maumivu hadi kisu ni saa 40 na dakika 40. Kati ya hizo, saa 35 na dakika 10 zilipita kabla hajafika kwetu, na saa 5 na nusu zilipita mikononi mwetu. Swali la hatua ya 1 limeanza kujijibu, na jibu lake linatugusa na sisi, si boti peke yake.

Tazama pia ingekuwaje kama ile "saa nane usiku" ingeandikwa 20:00. Zahanati ingekuwa imemtuliza maumivu muda wa saa tisa kabla hayajaanza. Jedwali zuri hujisahihisha lenyewe namna hiyo. Mstari ukigoma kukaa kwenye nafasi yake, rudi kwa mgonjwa.

Onyo: pengo ulilonalo liache wazi. Andika "muda haukurekodiwa". Kukadiria saa ili jedwali lipendeze ni kughushi.

## Hatua ya 4: Andika ulichokiona kabla ya ulichokihitimisha

"Mgonjwa alikuwa na maambukizi ya utando wa tumbo" ni hitimisho. Ulichokiona ni hiki: amelala ametulia hataki kuguswa, tumbo gumu kama ubao, mapigo 128 kwa dakika, presha 88/54, joto 38.9, mkojo mililita 20 kwa saa mbili. Msomaji apewe hivyo vyote, ahitimishe pamoja nawe.

Toa pia vilivyokosekana vyenye maana. Kwa mama aliyetapika damu: hanywi pombe, hana manjano ya macho, vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha kitu, lakini bandama inapapaswa sentimita 8 chini ya mbavu. Bandama hiyo ndiyo kesi. Mtu mwenye vidonda vya tumbo pekee hana sababu ya kuwa na bandama kubwa, na mama aliyekulia ufukweni akichota maji ziwani ana sababu nzuri: kichocho.

Kwenye vipimo, waandishi huteleza kwa namna hizi:

Vizio. Sukari ya 18 kwa kizio kimoja ni 324 kwa kingine. Usichanganye majibu ya zahanati na ya hospitali kwenye jedwali moja bila kuyabadilisha.

Kukiamini kipimo kuliko kinavyostahili. Widal peke yake haithibitishi homa ya matumbo, hasa mahali ambapo watu wengi wamewahi kuugua. Kuotesha damu kuna nguvu zaidi, hasa kukichukuliwa kabla ya antibayotiki. Kama hukuotesha, sema hukuotesha. Vivyo hivyo, eksirei isiyoonyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo haifuti utumbo uliotoboka, na choo kisichoonyesha mayai ya kichocho hakimfutii mama mwenye bandama ya miaka mingi.

Kuficha ulichodhania kwanza. Kama ulidhani ni malaria, andika. Wasomaji hujifunza zaidi kwenye dhana iliyoanguka.

## Hatua ya 5: Matibabu kwa vipimo, matokeo bila aibu

Kwa dawa, andika kipimo, njia na siku. "Alipewa prazikwanteli" haitoshi. Andika miligramu 40 kwa kilo, uzito kilo 52, kwa hiyo vidonge vitatu na nusu vya miligramu 600. Kama mishipa ya umio iliyovimba ilifungwa kwa endoskopi, sema ni siku ya ngapi na mizunguko mingapi.

Kwa upasuaji, maelezo yawe kama ya mtu anayemweleza msaidizi wake: tundu moja la sentimita 1 kwenye utumbo mwembamba, sentimita 20 kutoka unapoungana na utumbo mpana, upande usio na mishipa ya kuulisha, usaha na kinyesi karibu mililita 800, kingo zimekatwa na kipande kimepelekwa maabara ya tishu, tundu limeshonwa, tumbo limeoshwa. Kipande hicho kitaje hata kama majibu hayajarudi. Kifua kikuu na saratani ya tezi za limfu navyo hutoboa utumbo, na msomaji makini atauliza.

Matatizo baada ya upasuaji yapange kwa madaraja ya Clavien na Dindo ya mwaka 2004. Kidonda kilichofunguliwa na kuoshwa kitandani ni daraja la 1, kurudi thieta kwa usingizi kamili ni 3b, kifo ni la 5. Maneno kama "alipata shida ndogo" hayamsaidii mtu.

Kisha mfuate mgonjwa. "Aliruhusiwa akiwa na hali nzuri siku ya 12" ni matokeo ya hospitali tu. Mpigie baada ya mwezi: amerudi majini? Anakula? Kidonda kimefunga? Sentensi mbili zake mwenyewe ziingie kwenye ripoti, maana CARE inataka mtazamo wa mgonjwa na karibu kila mtu huuruka.

## Hatua ya 6: Mjadala usizidi aya nne

Huu si mtihani wa kuonyesha kila unachokijua kuhusu kichocho. Aya ya kwanza inajibu swali lako. Ya pili inalinganisha na yanayojulikana. Ya tatu inasema mngefanya nini tofauti. Ya nne, kama ipo, inataja udhaifu wa kisa chenyewe.

Mgonjwa mmoja akipona baada ya dawa, huna ushahidi kwamba dawa imemponya. Una sababu ya kuuliza. Andika kwa kiasi hicho.

## Hatua ya 7: Ondoa utambulisho, lakini usibadilishe ukweli

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Hata bila sheria, fikiria kisiwa chenye kambi mbili. "Mvuvi wa miaka 23 aliyepasuliwa tumbo mwezi wa sita" anajulikana na kila muuza chai.

Kwa hiyo punguza. Kisiwa kiwe "kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria", miaka 23 iwe "miaka ya ishirini", tarehe ziwe siku ya 1, ya 2, ya 3. Lakini usimgeuze mvuvi kuwa mkulima ili kumficha, kwa sababu uvuvi ni sehemu ya ugonjwa. Jambo lisilofichika bila kuharibu kisa, liombee ridhaa upya kwa kulitaja.

Picha zina hatari zake. Mstari mweusi machoni haumfichi mtu. Eksirei huwa na jina na namba ya faili pembeni, kata. Picha ya simu hubeba mahali na saa ilipopigwa, futa taarifa hizo. Na usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wodi "ili wenzangu waione tu". Ikishatoka hapo hujui inalala kwa nani.

Jipime hivi: mpe rasimu mtumishi aliyekuwa zamu wiki ile, usimwambie ni nani. Yeye atamtambua, ni kawaida. Kisha mpe mtu wa wodi nyingine anayetoka eneo lile lile. Huyo akikuambia jina, hujamaliza.

## Hatua ya 8: Usomaji wa mwisho, namba kwa namba

Kichwa na muhtasari viandikwe sasa, si mwanzoni. Kichwa kitaje tatizo na neno "kisa", basi.

Majina ya waandishi nayo yamalizwe hapa, kabla ya kutuma. Aliyepasua tu bila kushiriki kuandika hushukuriwa mwishoni. Mkubwa ambaye hakusoma rasimu haingizwi kwa heshima. Najua ni mazungumzo magumu, hasa ukiwa intani. Yafanye mapema kwa kuuliza tu: "Dokta, utapenda kusoma sehemu ipi?" Atakayekujibu kwa kusoma amejipatia nafasi yake.

Kisha kaa na mwenzako mmoja. Yeye ashike faili, wewe soma ripoti kwa sauti, na kila namba inayotoka kinywani mwako aitafute kwenye karatasi. Msimamishane. Kama damu ya mama ni 6.4 kwenye muhtasari na 6.8 ndani, mojawapo ni ya kabla ya kuongezewa na nyingine ni ya baada, na hakuna aliyeandika ni ipi. Kazi hii huchukua kama saa moja na nusu kwa kesi ya kurasa nne. Ifanyeni kabla ya zamu ya usiku, si baada yake.